Nani Atapima Unyevu wa Hewa Ziwani?

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu likizo ya Desemba 2024. Nimelitaja mara mbili katika mdahalo wetu wa Ijumaa, na mara zote mbili nilichekwa. Huenda nikiandika nitasikilizwa vizuri zaidi, kwa sababu msomaji hawezi kunipigia kelele katikati ya sentensi.

Jambo lenyewe ni unyevu wa hewa, yaani ule mvuke wa maji usioonekana uliomo hewani. Najua kwamba baadhi ya wasomaji wamekwisha kufunua ukurasa wa matokeo ya mpira. Waliobaki nawaomba wavumilie, maana nitaanza na dagaa.

Mama yangu mdogo hufanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Katonga, Ujiji. Mwaka ule wa 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Sina ubishi na hatua hiyo. Lakini mwenye mtaji mdogo akikaa miezi mitatu bila biashara huula mtaji wake, na yeye aliula. Kwa hiyo zilipofika siku za giza la mwishoni mwa Desemba, wakati dagaa wanapopatikana kwa wingi kwa kuwa mwezi haushindani na taa za wavuvi, alikopa fedha katika kikoba chao. Jioni akaniita.

"Baba, wewe unayesoma, hebu nitazamie kwenye simu kesho hali itakuwaje. Ninunue au niache?"

Nikatazama. Simu ilionyesha picha ya jua, na chini yake imeandikwa kwamba unyevu wa hewa mchana utakuwa 48 kwa mia. Somo hilo nilikuwa nimelisoma katika Jiografia, basi nikajiona mtaalamu. Nikamweleza kwamba hewa iliyobeba chini ya nusu ya mvuke inaoweza kuubeba ni hewa yenye kiu. Itayanywa maji ya dagaa upesi, na watakauka kwa siku moja. "Nunua, mama," nikasema. Akanunua ndoo nyingi kuliko siku yoyote tangu ziwa lilipofunguliwa.

Kesho yake jua lilitoka kweli, lakini upepo ulilala, na hewa pale ufukweni ilikuwa nzito kama ya jikoni. Dagaa walishinda kutwa juu ya vichanja wakiwa laini vilevile. Bibi mmoja jirani yetu alipita, akachota konzi moja, akabonyeza, akatikisa kichwa na kwenda zake bila ya kusema neno. Usiku mvua ikanyesha. Siku ya pili wakaanza kutoa harufu, na siku ya tatu tuliwauza kwa mfugaji wa kuku kwa bei ambayo sitaitaja hapa. Deni la kikoba lilimalizika kulipwa mwezi wa Aprili, na kabla ya hapo baiskeli ya mjomba ilikuwa imekwisha kuuzwa.

Mama mdogo hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo simu yako ilikuwa inatoa habari za wapi?"

Shule ilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu wetu wa Jiografia swali hilo kama lilivyo. Jibu lake lilinishangaza. Alisema kwamba ile namba 48 haikupimwa na mtu wala chombo chochote pale Katonga. Ilikokotolewa na mashine ya hesabu, ng'ambo huko, ambayo huigawa dunia nzima katika visanduku vyenye upana wa kilomita nyingi, kisha hukipa kila kisanduku namba moja. Kisanduku chetu huenda kilikuwa na kipande cha ziwa, kipande cha mji, na vilima vya nyuma ya Kigoma, vyote vimechanganywa kama kande. Na mashine hiyo, ili ijue mvuke uliopo juu ya bahari na maziwa, hutegemea sana setilaiti.

Basi hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wa mdahalo. Mada ilikuwa kwamba siku hizi setilaiti zimeondoa haja ya stesheni za hali ya hewa mashuleni. Msemaji wa kwanza wa upande wa kukubali, ndugu yangu wa Kidato cha Nne, alisema kwa ufasaha mwingi kwamba chombo kilicho juu mbinguni huona bahari yote, na sisi na vipimajoto vyetu tunaona uwanja wa shule tu. Akashangiliwa sana, na upande wake ukashinda. Nami nakiri kwamba aliyoyasema kuhusu bahari ni kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba yaliyo kweli juu ya bahari ni kweli pia juu ya Katonga.

Niruhusuni nieleze jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana nimeisoma muhula mzima, na nimeona kuwa ni kazi ya akili nyingi.

Setilaiti ya kwanza iliyofaulu kutazama hali ya hewa, TIROS-1 ya Marekani, ilirushwa tarehe 1 Aprili 1960. Ilipiga picha za mawingu. Lakini picha ya wingu haikuambii hewa iliyo chini yake ina mvuke kiasi gani, na mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Wataalamu wakatumia tabia moja ya mvuke: kila wakati hutoa mawimbi hafifu sana ya namna ya redio, na huyatoa kwa nguvu zaidi katika masafa fulani, karibu na gigahezi 22. Chombo kikiwekwa angani chenye sikio la kusikia masafa hayo, kinaweza kukadiria mvuke wote ulio chini yake, hata kama kuna mawingu.

Lakini kuna sharti. Kila aliyepata kusimama usiku juu ya kilima cha Kigoma ameziona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani kama mji wa pili. Zionekane mchana, taa zilezile, kwa mwangaza uleule? Hutaiona hata moja. Taa huonekana kwa sababu nyuma yake pana giza. Mvuke nao ni hivyo hivyo. Maji ya bahari hutoa mawimbi hayo kwa uchache, kwa hiyo machoni pa setilaiti bahari ni kama usiku, na mvuke ulio juu yake huonekana ukiwaka. Nchi kavu hutoa mawimbi mengi, basi ni kama mchana, na mvuke hupotea ndani yake. Ndiyo sababu kazi hii ilianzia baharini. Mwezi wa Juni 1987 Wamarekani walirusha chombo kizuri cha namna hii, na tangu hapo mvuke wa juu ya bahari umepimwa karibu kila siku.

Shida ya pili ni kubwa zaidi. Setilaiti husoma mvuke wote kwa jumla, kuanzia usawa wa maji hadi juu kabisa. Lakini mwenye dagaa, na mwenye kutaka kujua ziwa linapoteza maji kiasi gani, haja yake ni mvuke ulio chini, katika zile mita chache za kwanza. Ni kama mchuuzi wa Kibirizi anayepewa uzito wa gunia zima, kisha akaambiwa akadirie dagaa walioko chini kabisa wana hali gani. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa California, W. Timothy Liu, alionyesha njia. Alitumia vipimo vilivyochukuliwa kwa miaka mingi katika stesheni zilizo katikati ya bahari, ambako vyombo hupandishwa angani kwa maputo, akaona kwamba ukichukua wastani wa mwezi mzima, jumla ya mvuke na mvuke wa chini huenda pamoja kwa namna inayoweza kuandikwa kwa hesabu. Ukiijua jumla, unaikadiria sehemu ya chini. Wengine baada yake wameiboresha njia hiyo, na leo makosa yake baharini, kwa kipimo cha wakati mmoja, ni kama gramu moja au mbili za mvuke kwa kila kilo ya hewa.

Tazameni lakini, ndugu wasomaji, hesabu hiyo ilitoka wapi. Ilitoka kwa watu waliokuwa wakisoma vyombo visiwani na melini. Tangu mkutano wa Brussels wa mwaka 1853 mabaharia wa mataifa mbalimbali walikubaliana kuandika hali ya hewa katika daftari za meli kwa utaratibu mmoja. Katika Bahari ya Hindi, tangu miaka ya 2000, yapo maboya yaliyotiwa nanga kwenye kina kirefu, yakipima joto, upepo na unyevu mchana na usiku. Setilaiti husema, na boya huwa shahidi. Mwenzangu wa mdahalo alimsifu msemaji akamsahau shahidi.

Sasa turudi kwetu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 650, lakini upana wake wa wastani ni kama kilomita 50 tu. Kile chombo cha mwaka 1987, kilipotazama mvuke, doa moja la jicho lake lilikuwa na kilomita kama 40 upande mmoja na 50 au zaidi upande wa pili. Maana yake ni kwamba jicho lenyewe lilikuwa na upana wa ziwa letu. Likitazama Kigoma, huona ziwa, na Ujiji, na milima ya Kongo, vyote katika doa moja, usiku na mchana vimechanganyika. Wajapani walirusha chombo chenye jicho jembamba zaidi mwezi wa Mei 2012, ambacho doa lake katika masafa yanayokaribia hayo ni kama kilomita 15 kwa 26. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo karibu na ufuko nchi kavu bado huharibu hesabu, na sisi sote, pamoja na dagaa wetu, tunaishi karibu na ufuko.

Tena hewa ya ziwa hili si hewa ya bahari. Limezungukwa na milima. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka ukashuka kutoka vilimani. Wakati wa kusi, mwezi wa Juni na Julai, hewa kavu hupita hata midomo ikapasuka. Ile hesabu ya wastani wa mwezi ya baharini, sioni ni kwa nini iaminiwe hapa kabla ya mtu kuijaribu.

Wapo watakaosema: makosa madogo ya kipimo yana madhara gani? Jibu liko Ujiji penyewe. Mwezi wa Februari 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji, na kwa kuwa vyombo vyao vizuri vilikuwa vimeharibika njiani, walipima kimo cha ziwa kwa kutumbukiza kipimajoto duni katika maji yanayochemka. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda juu, kwa hiyo njia yenyewe ni ya haki. Wakapata kwamba ziwa liko kama futi 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kwa kweli liko zaidi ya futi 2,500, yaani kama mita 770. Nimeifanya hesabu hiyo pamoja na mwalimu wa Fizikia: kosa lote hilo huletwa na kipimajoto kilichokosea kwa chini ya digrii moja ya sentigredi. Na kwa kosa hilo mabwana wale waligombana kwa miaka kama ziwa letu linaweza kuwa chanzo cha Mto Nile au haliwezi, mpaka Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi hadi kaskazini mwaka 1871 wakauona Mto Rusizi ukiingia ziwani, hautoki. Kipimajoto kimoja tu kisichokuwa na mwenziwe wa kukisahihisha.

Na unyevu wa hewa juu ya ziwa una uzito kuliko ugomvi wa wageni. Mwaka wa Uhuru, 1961, zilianza mvua kubwa ambazo zilijaza maziwa ya Afrika Mashariki, na Tanganyika likafikia kimo kikubwa mwaka 1964. Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto kupita kawaida, mvua zikawa nyingi mno, na ziwa likapanda tena. Mwaka 2021 na 2024 watu wa Kibirizi waliona maji mahali walipozoea kupita kwa miguu, na huko Bujumbura na Uvira nyumba nyingi ziliingiliwa na maji. Tangu mwaka 1992 zipo setilaiti zinazopima kimo cha maji yenyewe kwa usahihi wa kusifiwa. Lakini kimo ni salio tu katika daftari. Mfanyabiashara anayeliona salio bila ya kujua mapato na matumizi hawezi kusema mwezi ujao atakuwa na nini.

Mapato ya ziwa ni mvua na mito, kama Malagarasi na Rusizi. Matumizi yake? Watu wengi hudhani maji hutoka kwa Mto Lukuga, kule Kalemie. Mto huo ndio mlango pekee wa kutokea, na una historia yake: ulipokuwa umezibwa na mchanga na majani, ziwa lilijaa, hata kizuizi kikavunjika karibu na mwaka 1878, na maji yakashuka mita kadhaa. Lakini katika maji yote yanayoliacha ziwa kwa mwaka, zaidi ya sehemu tisa katika kumi hayapiti Lukuga. Yanapanda juu kama mvuke. Wataalamu hukadiria kwamba ziwa hupoteza kwa njia hiyo kama mita moja na nusu au zaidi kidogo kila mwaka, karibu kimo cha mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, juu ya eneo la kilomita za mraba 32,900.

Mvuke huo huvutwa na nini? Maji ya juu yakiwa na digrii 26, hewa inayoyagusa hubeba kama gramu 23 za mvuke kwa kila kilo. Tuseme hewa iliyo mita chache juu yake ina gramu 16. Tofauti hiyo ya gramu 7, pamoja na upepo, ndiyo inayoyanyanyua maji. Ukikosea gramu moja na nusu tu, na kosa likaelemea upande uleule kila siku, hesabu ya matumizi ya ziwa zima imeharibika kwa sehemu moja katika tano. Kwa mwaka ni kama sentimita 30 za maji. Mwulizeni mwenye nyumba Kibirizi kama sentimita 30 ni kitu kidogo.

Kwa hiyo naomba shule yetu ipime. Najua Mamlaka ya Hali ya Hewa wana stesheni yao Kigoma, katika uwanja wa ndege, na siidharau. Lakini uwanja wa ndege uko juu, mbali na maji. Mimi nazungumza juu ya hewa ya mwaloni.

Chombo chenyewe kila mmoja wetu amekichora katika daftari la Jiografia, wengine mara tatu. Ni vipimajoto viwili. Kimoja ni kikavu. Cha pili balbu yake imevikwa kitambaa cha pamba ambacho ncha yake imo katika kichupa cha maji. Hewa ikiwa kavu, maji ya kitambaa huruka upesi na kipimajoto hupoa, kama mtu aliyetoka kuoga. Hewa ikishiba mvuke, hakipoi, na vyote viwili husoma sawa. Mathalan, kikavu kikisoma 27 na kibichi 22, jedwali linakupa unyevu wa kama 65 kwa mia. Kikavu kikisoma 28 na kibichi 18, hiyo ni hewa ya kusi, chini ya 40 kwa mia, na mwenye dagaa anaweza kununua. Kikavu 25 na kibichi 23 na nusu ni karibu 90, na hapo afadhali fedha zibaki mfukoni. Utambi wa taa ya mafuta unafaa kabisa kwa kitambaa. Maji yawe masafi, kama ya mvua, maana chumvi na uchafu huziba kitambaa.

Mimi na wenzangu wawili tumejaribu. Tulivifunga vipimajoto vya maabara juu ya ubao, mmoja akabaki hapa shuleni kilimani, sisi tukashuka Katonga, na saa tisa alasiri kila upande ukasoma. Tumefanya hivyo siku sita. Siku nne kati ya hizo kibichi cha ufukweni kilikuwa juu kuliko cha kilimani kwa zaidi ya digrii moja. Siku sita hazithibitishi kitu, mwalimu ametuonya, na ana haki. Lakini zinatosha kunionyesha kwamba mama mdogo aliuliza swali zuri.

Kuhusu sanduku, lipo. Ni lile jeupe lenye mbao za kupitisha hewa, nyuma ya maabara, ambalo nyigu wameligeuza nyumba yao. Alilibuni Thomas Stevenson wa Scotland, mjenzi wa minara ya taa, ambaye mwanawe aliandika kile kisa mashuhuri cha hazina kisiwani. Fundi wetu wa seremala amesema mlango wake ni kazi ya siku moja.

Nimeulizwa na mwalimu mmoja, kwa upole lakini kwa macho makali: "Nani atahakikisha hamtapika namba?" Swali hilo linaniuma kuliko kicheko cha mdahalo, kwa sababu mimi ni mpishi wa zamani. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilikuwa na zamu ya kusoma vyombo katika sanduku lile lile. Siku ya Ijumaa niliandika namba za Jumamosi na Jumapili pamoja, nikaenda kucheza mpira. Baadaye niliona hata Jumatatu inaweza kuandikwa mapema. Daftari lile bado lipo kabatini. Lina siku kumi na moja mfululizo ambazo kibichi kimesoma 21 kamili, na tisa kati ya hizo ni mwandiko wangu. Halafu kipimajoto kimoja kikavunjika, na zoezi likafa bila ya mtu kulililia. Wakati ule sikujua kwamba namba ina mwenyewe, kwamba yuko mtu Katonga atakayenunua au kuacha kwa ajili yake.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Wasome wawili wawili, kutoka madarasa mbalimbali, na kila mmoja aandike kwake kabla ya kuona alichoandika mwenziwe. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Wale wanaokaa Ujiji na Kibirizi wasome mwaloni hata siku za likizo. Wazee wa mwalo, ambao nimekwisha kusema nao, watatupa mahali pa kutundika ubao mweusi ulio wazi kwa wote, ili akina mama wasome wenyewe. Na ambaye hakusoma ataambiwa na jirani yake. Wazazi naomba watuchangie vipimajoto viwili, si zaidi. Na kama iko meli au boti iendayo kusini hadi Mpulungu ambayo nahodha wake atakubali jozi ya tatu, tutapata hata hewa ya katikati ya ziwa, ambayo ndiyo setilaiti inaihitaji zaidi shahidi wake.

Tukishika daftari mwaka mmoja, tulipeleke kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kwa watafiti wa samaki wa TAFIRI walio hapa hapa Kigoma, waliweke kando ya namba za setilaiti. Jambo hili si ndoto ya mtoto. Wamarekani walitangaza mwaka 1994 mpango uitwao GLOBE, ambao wanafunzi wa nchi nyingi hupima hali ya hewa na namba zao hutumika pamoja na vipimo vya kutoka angani.

Nilimwonyesha mama mdogo vile vipimajoto vyetu vya ubaoni. Akavitazama sana, akauliza kwa nini kimoja kimevaa nguo. Nikamweleza. Akachovya kidole katika kichupa, akakiinua juu hewani kama wavuvi wanavyofanya, akasubiri. "Kumbe ni kidole," akasema. Kisha akataka kujua lini tutaanza, kwa kuwa giza la mwezi ujao anafikiria kununua, kidogo tu.

Tutaanza Jumatatu ya kwanza ya muhula ujao. Namwomba Bwana Mhariri atutengee nusu ukurasa katika toleo litakalofuata, tuchapishe namba zote, za kilimani kushoto na za Katonga kulia. Na siku ambazo hatukusoma, nafasi yake iachwe wazi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu